Talaka Isiyomwangukia Mtu

Horohoro, 14 Januari 2024

Mama Rahaf,

Natumai umeshafika salama kwa baba yako na mguu wake umepungua uvimbe. Ningekuwa mtu wa kusema ningepiga simu. Nimeshika simu, nikaiweka, nikachukua kalamu.

Mimi, Marhun bin Faris, nikiwa na akili zangu timamu na bila kulazimishwa na mtu, nimekuacha wewe, Hafsa binti Idarusi, talaka moja. Mashahidi wapo, Nasri wa ofisini kwetu na mzee mmoja wa msikiti wa hapa mpakani.

Huna kosa. Ukiulizwa na yeyote, hata baba yako, sema hivyo, na useme nimesema mimi.

Usirudi huku. Cherehani yako na vyombo vyote nitavipakia kwenye gari la Tanga, na kutoka Tanga vitaletwa mpaka Mwera. Rahaf ni mwanangu na matumizi yake hayatakatika. Tafadhali usinipigie.

Marhun bin Faris

*

Mwera, 19 Januari 2024

Baba Rahaf,

Umenikataza kupiga simu, na wasapu umenifungia kama mtu anayekimbia wadai. Basi nimenunua daftari dukani nimechana karatasi. Nitampa kondakta wa gari la Tanga, na weye unapokea mizigo kila siku hapo mpakani, huwezi kusema haijafika.

Miye nimekuja huku kumuuguza baba, na nilikuaga wiki moja. Umenipandisha garini kwa mkono wako, ukaninunulia korosho za njiani, ukambusu mwanao kwenye yale masikio yake aliyorithi kwako. Siku ya nne naletewa talaka. Baba aliisoma kwanza kwa sababu alidhani ni dawa zake umetuma. Aliikunja, akaniita, akanipa, akatoka nje na mguu wake mbovu.

Unasema sina kosa. Kama sina kosa, hii adhabu ya nani? Shangazi Mwatumu anasema mwanamume akikwambia huna kosa ujue kapata mwingine, na yeye kaachwa mara mbili, anayajua. Anasema ng'ambo ya mpaka wako wengi. Nimemwambia Marhun simwoni akitafuta mke mwingine, soksi zake mwenyewe hazioni mpaka aoneshwe. Nilisema kwa kucheka, na usiku nililia nikamwamsha mtoto.

Niambie. Kama ni mwingine, niambie jina lake. Kama ni mama yako hanitaki, niambie, maana najua Bi Khuloud alitaka mke wa kwao Muscat, na nilidhani kwa Rahaf moyo wake umelainika. Kama ni kazi imekushinda na unaona haya, miye nina cherehani, tutakula.

Na ujue jambo moja. Talaka moja ina rejea. Miye nitakaa eda yangu hapa, na mlango nitauacha umerudishiwa tu, sitatia komeo. Ukija siku yoyote kabla eda haijesha, ni neno lako moja tu.

Mkeo, upende usipende,
Hafsa

*

Horohoro, 25 Januari 2024

Mama Rahaf,

Hakuna mwanamke mwingine. Naapa kwa aliyeniumba. Kazi ipo, maroli yanapita, karatasi zinagongwa mihuri kama kawaida.

Usiuache mlango hivyo. Rejea haitakuwepo. Sio kwamba sitaki, nakuomba usiniulize zaidi ya hapo. Maliza muda wako, na Mwenyezi Mungu akikuletea mtu mwema, mkubali.

Umesema usiku ulimwamsha mtoto. Akiamka na kikohozi mpake mafuta ya karafuu kifuani, kidogo, ngozi yake inaungua upesi.

Jingine. Najua ukiwa na jambo zito hukimbilia Moa kwa Mama Mwanamkasi. Safari hii usiende. Hali yake si nzuri, na habari za kuachwa kwako zitamwongezea simanzi. Muache apumzike.

Nguo zako nimezikunja zote. Kanga uliyomfunikia Rahaf siku tulipomleta nyumbani nimeshindwa kuitia kwenye kifurushi. Ukinipa ruhusa, ibaki.

Marhun

*

Mwera, 3 Februari 2024

Marhun,

Nimekwenda Moa.

Ulijua nitakwenda. Mimi ni mtu wa kuambiwa usile ndipo nikatafuta kijiko. Na ulipoandika rejea haitakuwepo nilikaa na neno hilo nikaona halikai sawa. Aliyetoa talaka moja hasemi hivyo. Nikaona pia unanikataza mtu mmoja tu duniani, yule aliyenilea kwa maziwa yake mama yangu alipofariki kwa uzazi wangu. Nikamfunga Rahaf mgongoni. Nilishuka njia panda ya Moa, nikapanda bodaboda, na hapo nilikuwa karibu na ofisi yako kuliko na kwetu, nikageuza uso upande wa pili.

Mama yuko kitandani, upande mmoja haufanyi kazi, lakini akili ni zilezile. Nilimpa shikamoo, nikamlaza Rahaf kifuani pake. Alimshika sikio kwa mkono ule mzima akalikunja hivi, polepole. Akasema, "Masikio haya miye nimeyafuta maziwa zamani." Nikacheka nikasema Mama, huyu ndiyo kwanza umwone. Akaanza kulia. Akasema umemuapisha, na yeye alimwapia mama yako kabla yako, na sasa amechoka kubeba viapo vya watu wa nyumba moja.

Basi akaniambia. Kwamba enzi hizo, kabla hawajahamia Moa, mumewe alikuwa mkwezi wa minazi kwenye shamba lenu huku Mwera. Kwamba ulizaliwa weye, na yeye alikuwa na mtoto mchanga, na ziwa lake moja lilikuwa la mwanawe na jingine lako. Miaka ikapita, nyinyi mkahamia Tanga, nikazaliwa mimi, mama yangu akafa, na yeye alikuwa tena na mtoto mchanga. Kila mtu Mwera anajua miye nimenyonya kwake. Weye hakuna anayejua. Aliposikia naolewa na Mwarabu wa Tanga alishapooza, harusini hakuja, na hakuna aliyemtajia jina la mama yako.

Nilitoka nje nikasema peke yangu nyuma ya jiko, walionyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Nakwambia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Halafu nikarudi nikamlisha uji, maana ilikuwa saa yake ya kula.

Sasa nijibu swali moja. Ulijua si talaka. Ulijua tangu kabla hujashika kalamu. Kwa nini uliniandikia uongo, ukauitia na mashahidi?

Hapa chini sijui nijiandike nani.

Hafsa

*

Horohoro, 9 Februari 2024

Mama Rahaf,

Nakuita hivi kwa sababu hili halijaharamishwa.

Ulipoondoka kwenda kwa baba niliona nifanye la maana. Mwaka wa tatu huu nimeoa mtoto wa mtu na sijampa mkono mama aliyemnyonyesha, na Moa ni hapa jirani. Nilinunua sukari, mchele na doti ya kanga. Nilifika nimenyooka kama bwana harusi. Akaniuliza mimi mtoto wa nani. Nikasema wa Faris, mama yangu Khuloud. Akanitazama, akaniita kwa jina la utotoni ambalo hulijui, maana nyumbani wote walioliita wameshafariki isipokuwa mama.

Siku ileile nilikwenda Tanga. Mama alikuwa anachambua mchele. Nilimuuliza tu, Mwanamkasi wa Mwera ni nani kwangu, na ungo ukamponyoka. Alipata jipu ziwani nikiwa mchanga, maziwa yakakauka. Baba alikuwa Muscat. Bibi mzaa baba alikuwa mkali, na kwake mwanamke asiye na maziwa ni nusu mwanamke, tena mjukuu wa mwenye shamba anyonye kwa mke wa mkwezi? Mama akawa ananipeleka kwa siri. Shangazi Mwatumu alipokuja kuuliza kabla ya ndoa yetu, kama mnavyouliza watu wa pwani, mtoto wenu amenyonya wapi na wapi, mama alijibu, ziwa langu tu. Anasema alishalisema uongo hilo miaka mingi hata yeye mwenyewe akawa analiamini. Kwenu aliambiwa ulinyonyeshwa na jirani. Hakuuliza jirani gani. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kilichokufa ni nyumba yetu.

Umeuliza kwa nini talaka. Hafsa, talaka kila mtu anaijua. Mtu ameachwa, watu watamsema wiki mbili, watapata mwingine wa kumsema. Lakini nikisema ndoa yetu ni batili, kwamba tangu siku ya kwanza haikuwa ndoa, nani ataelewa? Watasema tulikaa na nini miaka yote hiyo? Na Rahaf ataitwa nani? Niliogopa hilo jina, hata kuliandika siliandiki. Nikaona bora niwe mimi mume mbaya. Weye uwe mwanamke aliyeachwa bila kosa, mtoto awe wa ndoa, mama yangu afe na siri yake. Niliona nimepata njia ambayo ataumia mtu mmoja tu.

Nilikosea hesabu. Nisamehe.

Marhun, ambaye naye hajui ajiandike nani

*

Mwera, 16 Februari 2024

Baba Rahaf,

Na mimi nakuita la halali.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nimekukasirikia, nimekuonea huruma, nimekukasirikia tena. Usiku nakuota bado kama mume. Nikiamka nasema astaghfirullah, kisha nalia, kwa sababu sijui naomba msamaha wa nini. Sikuiba. Nilipewa, nikapokea kwa mikono miwili, shangwe na vigelegele.

Nimekwenda kwa sheikh wetu, miye na baba. Usishtuke. Nimemweleza yote, na sikulia mpaka nilipofika kwa mtoto. Akanyanyua mkono akanizuia hapohapo. Mtoto wa wazazi waliooana kwa kutojua ni mtoto wao halali, anafuata jina la baba yake, anarithi, na atakayemwita vinginevyo amebeba dhambi nzito. Usilolijua ni usiku wa giza, akasema, na Mungu hamhukumu mtu kwa kukanyaga gizani. Mahari ni yangu. Muda wa kukaa nitakaa, kama mwanamke mwingine yeyote aliyetengana na mtu. Baba alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

Halafu nikamwonesha barua yako ya kwanza. Aliisoma na mashahidi wake wote. Akasema, "Hii haikumwangukia mtu. Talaka inavunja ndoa, na hapa hapakuwa na ndoa ya kuvunja." Akanirudishia kama karatasi ya dukani. Marhun, nilijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja. Siku zote zile nilijiona nimeachwa, kumbe hakuna aliyeniacha.

Nataka uelewe kwa nini siitaki talaka yako, hata kama umeitoa kwa mapenzi. Talaka inasema walikuwa mke na mume, mmoja akamchoka mwenzake. Hiyo si kweli, hukunichoka, kanga yangu unayo hapo. Batili inasema hakuna aliyechoka. Na sikiliza hili, maana nadhani hukulifikiria. Mume aliyeniacha, eda ikiisha, ni mwanamume wa nje. Ningejifunika nikikuona. Ningekupokelea mtoto mlangoni nikirudi ndani. Uliponiandikia talaka ulikuwa unanipa heshima, sijakataa, lakini ulikuwa unaniondoa kwenye maisha yako moja kwa moja. Ukweli hauniondoi. Ukweli unasema weye ni ndugu yangu, na ulikuwa ndugu yangu kabla hujaniona. Hilo hakuna wa kulivunja, hata hakimu.

Sitaki kudanganya kwamba linanitosha. Nilitaka mume. Lakini kati ya kukukosa kote na kukukosa nusu, unajua nitachagua lipi.

Kwa hiyo ndoa ibatilishwe waziwazi, mbele ya baraza la ndoa na mahakamani. Watu waseme wiki zao mbili. Lakini ushahidi unatakiwa. Mama Mwanamkasi yuko tayari, hata kwa kubebwa. Anayetakiwa kusema neno lake ni mama yako. Sitamlazimisha na weye usimlazimishe. Ni mkubwa, tena ni nyanya wa mwanangu. Mwambie tu kwamba namngoja.

Mama Rahaf

*

Tanga, 4 Machi 2024

Mama Rahaf,

Nakuandikia nikiwa kwa mama. Barua yako nilimsomea yote, hata ile ya kuota, nisamehe, sikuweza kuruka mstari. Siku ya pili alivaa buibui lake la kuendea misiba, akaniambia nimtafutie gari la Moa.

Walikuwa hawajaonana tangu tulipohama Mwera. Mama aliingia akasimama mlangoni. Mimi nilibaki uani. Nilichosikia ni Mama Mwanamkasi akimwambia, "Ingia, Khuloud, mwanetu mkubwa sasa." Walikaa ndani hadi alasiri. Alipotoka alikuwa amevimba macho, na mikono inanuka mafuta ya nazi, alikuwa anamkanda ule mguu uliopooza.

Leo wote wawili wamesema mbele ya baraza. Mmoja wa wazee wa baraza alimuuliza Mama Mwanamkasi nilinyonya mara ngapi, maana ni lazima iulizwe. Akajibu hajawahi kuona mtu anayehesabu, ila nilinyonya mpaka nikaota meno nikamng'ata, na kovu lipo kwa anayetaka kuona. Wazee wakainamisha vichwa. Nilicheka, Hafsa, mara ya kwanza tangu Januari. Kisha ikanijia kwamba ningekuwa nyumbani ningekusimulia weye kwanza, na nyumbani hakuna mtu.

Barua ya baraza inakwenda mahakamani. Talaka niliyoandika wameifunga pamoja na maelezo, kuonesha kwamba haikuwa na kazi.

Ramadhani inaingia. Nimetuma tende na unga wa ngano, mwambie baba ni vyake. Kanga bado ipo. Hukunijibu juu yake.

Baba Rahaf

*

Mwera, 28 Mei 2024

Baba Rahaf,

Mahakamani ulikuwa umekaa benchi la mbele na mimi la nyuma, kwa hiyo nitakusimulia ulichokisikia mwenyewe, ili nijue na mimi nilikisikia. Hakimu alisema mahakama haivunji ndoa hii. Akasema anatamka tu kwamba haikuwahi kuwepo kisheria, tangu siku ilipofungwa, na kwamba hakuna aliyekosa kati ya wawili walioingia kwa nia njema. Baba aliniuliza kwa sauti ya chini, mbona hagongi meza? Nikamwambia hakuna cha kugonga.

Nje watu walitoka na karatasi zao. Mama mmoja wa Kibondei, jina lake Lea, alikuwa ametoka kupata talaka yake baada ya miaka ya kupigwa. Aliniuliza na weye umeachwa? Nikasema hapana. Akasema basi umeacha? Nikasema hapana, nimepata kaka. Aliniangalia kama mgonjwa. Nikamweleza, naye akanishika mkono mpaka gari lake lilipofika.

Wameanza kusema, kama ulivyoogopa. Shangazi Mwatumu anapita nyumba hadi nyumba akiwasahihisha, na kwa ulimi ule sidhani wiki mbili zitafika.

Muda wangu wa kukaa umekwisha. Ndiyo maana nakuandikia leo na si jana. Nilitaka niwe sina cha kungoja kabisa ndipo nikwambie haya.

Nilikupenda kama mume. Sitalifuta, sheikh hakuniambia nilifute, aliniambia niligeuze, nami nalijaribu kila siku, siku nyingine linageuka, siku nyingine linanikataa. Sikuandikii kwa kuwa limekwisha. Nakuandikia kwa kuwa naona linaanza kukubali.

Sikukuu ya Idd, Mama Mwanamkasi analetwa Mwera. Mama yako ndiye aliyekodi gari, na wanapanga kulala chumba kimoja, wazee hawa wamekuwa hawaachani kama wasichana wa madrasa. Mama kasema anataka siku moja tu aketi na wanawe wote wa maziwa. Wa tumbo lake wanakuja. Mimi nipo. Nafasi ya upande wake wa kushoto, ule usiosikia mguso, kasema ni yako, kwa sababu ndiko ulikokuwa ukinyonya.

Njoo. Utapiga hodi kama ndugu yeyote, na sitakimbilia mtandio. Utanikuta kichwa wazi na nywele zina unga, kama zamani, na hakuna atakayesema kitu. Rahaf anasimama dede sasa. Usimfundishe kukuita mjomba kwa utani wako, weye ni baba yake, hilo halijabatilishwa na mtu.

Kanga ibaki kwako. Dada humwachia kaka yake kanga.

Dada yako,
Hafsa

*

Horohoro, 5 Juni 2024

Hafsa,

Barua yako nimeiweka mfukoni wiki nzima, nimeisoma kwenye foleni ya maroli, Nasri anadhani nimepata kazi nyingine.

Nitakuja. Nitaleta mbuzi, na baba asinunue. Mwambie Mama upande wa kushoto unanifaa.

Ila nivumilie nikifika. Nimejizoeza kulitamka neno dada njia yote ya kurudi kutoka mahakamani, peke yangu, na kila mara nikaishia kuita jina lako tu. Nikilikosa mbele ya watu, usiudhike na usinicheke. Kwa mdomo bado. Kwa mkono, leo, nimeweza.

Kaka yako,
Marhun